Longino Alijua Mpaka wa Urbano

"Nani ameng'oa mpaka wangu? Nani?"

Urbano alifika na panga mkononi, shati wazi mpaka kitovuni. Vijana wa klabu ya amani, waliokuwa wakimjengea jirani yake, mjane Jeska, nyumba katika kazi za pamoja za Jumamosi, waliacha kazi.

Letisia, rais wa klabu, akageuka. Nyuma yake kulikuwa na rundo la mimea mirefu waliyoing'oa asubuhi, mizizi juu. Kumbe hayakuwa magugu! Msichana wa watu amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako kiwanja kinajulikana kwa namba ya mlangoni. Angejuaje kwamba hapa Gashoho mimea ile ndiyo mwisho wa shamba, na kuing'oa ni kumwambia jirani ahame?

"Mushingantahe, mzee wangu, ni mimi niliyewaamuru. Nisamehe, sikujua..."

"Hukujua? Mumerudi juzi tu, munataka kutumeza wazima!"

Panga likapanda juu. Letisia hakuwahi hata kupiga kelele. Longino, makamu wake na mpenzi wake tangu walipokuwa lise, sekondari ya kule kambini, alimsukuma pembeni akaingia yeye. Panga likazama kwenye mkono, juu ya kiwiko. Damu ikamrukia Letisia mdomoni.

"Amemuua!" alipayuka Fredi, mkubwa wa mafundi wa klabu.

Jembe la Fredi likamtandika Urbano mgongoni. La pili likavunja goti. Alipoanguka wakamfunga kamba ya mbuzi, wakaanza mateke: ya mbavu, ya uso, ya popote. Ndio hao hao walioimba nyimbo za amani mbele ya wazazi, sare zimenyooshwa!

Fredi akainua tofali bichi, zito, juu ya kichwa cha Urbano.

"Letisia, sema neno moja tu. Tunammaliza."

Na Letisia alitaka kulisema. Tusidanganyane hapa, alitaka yule mtu afe. Alimpenda Longino kupita kiasi, na damu yake alikuwa akiionja ulimini.

Urbano akatema jino.

"Muniue! Lakini kwanza muulize uyo mchumba wako! Jana nilimuita, nikamuonyesha mpaka na kidole changu. Nikamwambia, sha, mwambie shefu wako asiguse hapa. Akasema ego, ndiyo, nitamwambia!"

Letisia akamtazama Longino. Mama Jeska alikuwa akimfunga mkono kwa kitenge chake, na kitenge kilishalowa.

"Sema ni uongo."

Longino akainamisha kichwa.

"Longino, sema ni uongo!"

"Iko kweli, sheri wangu."

"Ulijua? Ukaniacha niwape watu majembe?"

"Wale wakubwa wa klabu kule Gitega walitaka kukuchukua. Ofisi yao iko huko mjini, mtaa wa Musinzira, uongoze klabu zote. Donc basi nikasema, akikosea kidogo, watu walalamike, watamuacha. Utabaki hapa na mi. Sikujua kama ataleta panga. Mi nakupenda, Letisia. Ona ata mkono wangu!"

Kofi la Letisia lilimwangusha Longino matopeni, jeraha na kila kitu.

"Msaliti!" Fredi akapiga kelele. "Huyu naye tummalize!"

Genge zima likageuka. Hapo ndipo Letisia alipoamka. Akasimama katikati ya wanaume wawili waliolala chini, mmoja adui yake, mwingine mpenzi wake, na kwa dakika ile hakujua anamchukia nani zaidi.

"Atakayepiga tena aanze na mimi! Mpaka nimeung'oa mimi. Rais mzima nafyeka shamba bila kumuuliza jirani hata mmoja! Fredi, weka tofali chini."

Fredi hakuliweka, alilirusha. Likampata Letisia begani, akaanguka kwa magoti, akasikia mfupa umelia. Akainuka, machozi yanamtiririka.

"Umemaliza? Haya, njoo mfungue Urbano kamba. Wewe mwenyewe."

Fredi akalia kama mtoto, akafungua. Urbano na Longino wakabebwa hospitali na vijana hao hao.

Bega lilipopona Letisia akaenda Gitega kuchukua ile kazi. Siku moja, akijiandaa kufungua semina ya viongozi wapya wa klabu, ujumbe ukaingia simuni:

"Mkono umepona sheri. Urbano amenisamehe. Na we?"

Akatoka nje akampigia.

"Nimekusamehe, Longino."

"Mungu Imana ashukuriwe! Basi ntaleta wazee kwa baba yako, tuzungumze mahari."

"Usiwalete."

"Mais si umesema umenisamehe!"

"Nimekusamehe, na bado nakupenda, inaniuma kukwambia. Ulipokea panga lililonilenga mimi, hilo sitalisahau. Lakini ulitaka nianguke ili nibaki karibu yako. Nikizaa watoto, nikipata kazi nyingine, utanyamaza tena nikielekea shimoni? Siwezi kulala na hofu hiyo kitandani."

"Letisia, tafazali..."

"Kwaheri, mpenzi wangu."

Akakata. Alilia pale ukutani bila kujali wapita njia, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge na kurudi ukumbini. Vijana wakasimama kumpigia makofi.

"Kaeni," aliwaambia. "Kabla sijasema lolote, nani ameona jambo nililolikosea tangu asubuhi na akaninyamazia?"

Binti mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono.