Mgeni wa Sahani ya Buluu

“Huyu kwao ni wapi?”

Bi Joviana aliuliza hivyo mwaka 1937, huko Buganguzi, Uhayani, kidole juu ya mtu aliyechorwa kwenye sahani ya kauri. Mwanawe Datius, mpishi wa padri Mholanzi, alikuwa anajisifu: padri anarudi Ulaya, kamwachia zawadi. Sahani nyeupe, michoro ya buluu. Daraja, mti ulioinamisha matawi, na mtu mmoja juu ya daraja. Padri alisema imetengenezwa Uholanzi kwa kuiga za Wachina, na aliyeichora hakuwahi kumwona Mchina hata mmoja.

Yaani kamchora mtu asiyekuwepo popote. Halafu wakamwita pambo.

Jioni Benigna, mke wa Datius, alimtengea jirani buni za kutafuna. Kikapu cha buni kilikuwa kimegugunwa na panya, akazimimina kwenye sahani. Jirani hakutokea. Giza likaanza kuingia. Buni zikabaki palepale, mbele ya yule mtu.

Na buni, kwa Wahaya, ndiyo “karibu mgeni” yenyewe.

Kwanza ikaja harufu... udongo mbichi, kisha moshi wa tanuri. Halafu kitu kikatafuna. Taratibu. Kwa adabu.

Benigna akainua taa.

Daraja lilikuwa tupu.

Aliyeketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni sebuleni alivaa joho la buluu. Macho yake mistari miwili ya brashi. Mikono haikuwa na vidole. Mchoraji hakuhangaika navyo.

“Usimfukuze,” Joviana akanong’ona. “Ameshakula kwetu.”

Mgeni akasimama. Datius akachukua fimbo, maana mgeni husindikizwa mpaka yeye mwenyewe aseme basi, rudi. Benigna, mimba ya miezi saba tumboni, akamng’ang’ania shati. Datius akamwambia asimwaibishe. Anafika hapo kwenye mibuni tu.

Wakaingia migombani. Hakuna jani lililotikisika.

“Mtu husema rudi akikaribia kwao,” Joviana akasema, polepole. “Huyu hana kwao.”

Datius hakurudi, watu wakazusha kwamba kamfuata mwanamke Uganda. Upuuzi mtupu! Nani huhamia Uganda pekupeku, na fimbo tu? Mbona alfajiri nyingine umande huonyesha nyayo za mtu mmoja, zikipita nje ya ua bila kusimama?

Mtoto amezaliwa, anatembea sasa.

Wewe unayepita sana njia ya Nshamba, ukimwona mwanamume mwenye fimbo akiandamana na mtu wa buluu, mwambie tu: basi, rudi.