Pale Juu kwenye Neno "Rudi"

"Turudie kuanzia kiitikio," alisema kiongozi wa bendi, kwa upole ulioanza kunitia wasiwasi.

Ilikuwa mara ya tatu. Dada yangu akashika maiki, akapanda na wimbo hadi pale juu kwenye neno "rudi", na sauti ikakatika. Jamani, nimekua chumba kimoja na sauti ile, na sikuwahi kuisikia ikikatika. Mpiga tarumbeta akajifanya anafuta tarumbeta yake.

Wimbo ni wake mwenyewe. Aliutunga akiwa msichana, na ndio uliomtoa. Baada ya miaka ya kuimba jazi kwenye mgahawa wa hoteli, yeye na mpiga piano wake tu, sasa alikuwa ameitwa jumba kubwa la maonyesho, Jumapili jioni, na bendi kamili nyuma yake. Huyo mpiga piano ndiye mchumba wake. Mimi namwita Shemeji tangu kabla hajaleta posa. Harusi ilikuwa inasubiri onyesho lipite.

"Ijumaa nimeuimba hotelini," Dada alisema. "Pale juu nilifika bila shida."

Kiongozi akasema labda ni uchovu. Kisha, maskini, bila nia mbaya, akafungua kwenye simu video ambayo mteja mmoja wa hoteli aliirusha mtandaoni. Akaisikiliza huku akibonyeza piano, anatafuta kii, yaani wimbo umeanzia sauti ipi.

"Dada, hapa uko chini sana kuliko kwenye rekodi yako tunayoifuata sisi. Kii imeshushwa. Hukujua?"

Wote tukamgeukia Shemeji, aliyekuwa amekaa viti vya nyuma, ameshika chupa ya maji ya Dada. Mtu asiye na hatia huuliza kuna nini. Yeye alitazama viatu vyake.

Dada akachukua mkoba, akatoka.

Nyumbani alijifungia chumbani, akaniita. Simu yake ya kazi ninaishika mimi, kwa hiyo akawa anasema, mimi namwandikia Shemeji.

"Ulianza lini?"

Jibu likaja papo hapo: "Ulipopona kile kifua. Nilishusha kidogo. Mwaka uliofuata, kidogo tena."

"Na ulikuwa unanicheka?"

"Sijawahi kukucheka hata siku moja."

Dada akaisoma hiyo mara mbili. Kisha akaniamuru niwaambie watu wa jumba kwamba Jumapili haimbi, na huyo mpiga piano nimwambie uchumba umekwisha. Mimi nina akili zangu: watu wa jumba sikuwaambia kitu. Kwingine niliandika: "Shemeji, njoo sasa hivi, huku kumeharibika."

Alikuja. Dada akampokea kama anavyompokea fundi bomba, akamwonyesha kiti cha mbali. Mimi nikaenda jikoni na mlango nikauacha wazi, maana sikuona sababu ya kuufunga.

"Yaani mimi nawaringia watu kwamba sauti yangu haizeeki," Dada alisema, "na wewe umekaa pale unajua."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Ulipougua ulisema siku ukishindwa kufika pale juu, utaacha kuimba. Niliogopa. Nikaona heri ile juu niishushe, iwe karibu na wewe."

"Kuacha au kutoacha ulikuwa uamuzi wangu. Umeninyang'anya."

"Ni kweli," Shemeji akasema. "Ulishapona, mimi nikaendelea kukutunza kama mgonjwa. Nisamehe."

Nikajua basi, ndoa imekufa hapo sebuleni. Lakini Dada alipofungua mdomo tena, alitumia ile sauti yake ya kazi.

"Kaa kwenye piano. Kii ya zamani."

Akapiga. Dada akapanda, akakatika. Akamwambia ashuke. Wakashuka, wakashuka tena.

"Hapa ndipo pa Ijumaa?"

"Ndipo."

"Shuka."

"Huko hatujawahi kwenda."

"Nani amekuuliza?"

Akashuka. Dada akaanza.

*Rudi, mlango sijaufunga,*
*rudi, taa bado nawasha.*

Naapa nywele zilinisimama. Miaka yote maneno yale aliyaimba kwa kelele, kama msichana anayemwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Sasa aliyasema chini kabisa, kama mama mtu mzima anayejua huyo harudi, na taa anaiwasha vilevile. Sauti ilikuwa nzito, ina mchanga kidogo, na iliijaza nyumba mpaka sufuria niliyoshika niliisikia ikitetema mkononi. Jirani yetu, yule anayelalamikia piano kila wiki, alisimama kwenye ngazi na nguo aliyokuwa anaikamua, maji yanamchuruzika miguuni, hana habari. Mungu fundi. Nililia bila aibu.

Miaka yote Shemeji alishusha mpaka pale Dada alipoweza kufika kwa kujitahidi, akaishia hapo. Hakuna aliyewaza kwamba sauti yenyewe ilishahama, inawangoja chini zaidi.

Piano ikanyamaza.

"Mbona umeacha?"

"Siijui sauti hii," Shemeji alisema, machozi yanamtoka.

"Hata mimi siijui. Piga."

Jumapili jumba lilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Dada aliwaambia waziwazi kwamba ile juu wanayoijua haipo tena, wasiingoje. Kisha akaimba. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, nikaingiwa na hofu. Nikatazama pembeni: kiongozi wa bendi alikuwa ameshusha mikono, amesahau kuwa yeye ndiye anayeongoza. Halafu jumba zima likasimama kwa pamoja.

Nyuma ya jukwaa Shemeji alibaki mlangoni, hajui kama amekaribishwa.

"Kuanzia leo kii nachagua mimi," Dada alimwambia. "Na ukiona naanguka, uniambie. Usinitandikie godoro kimyakimya."

"Nitakuambia. Hata ukinuna."

"Nitanuna. Ingia."

Walioana mwezi uliofuata. Siku hizi ukipita hoteli ile utawakuta wanabishana mbele za wateja: Shemeji anasema leo umechoka, tushuke, Dada anasema leo tupande. Siku nyingine hufika. Siku nyingine sauti hukatika palepale watu wakisikia, anacheka, anamtazama mumewe, na wanaanza upya.