Mtu wa Kumi na Mbili

Soko la Voi siku hiyo lilijaa mpaka nzi wakapanga foleni. Mable, fundi wa kushona nguo, alikuwa ameinamia fungu la nyanya, gauni la kitenge cha manjano alilojishonea mwenyewe likimkaa kama ganda kwenye ndizi, aliposikia sauti nyuma yake.

"Samahani madam, naomba simu yako dakika mbili."

Mable akaukumbatia mkoba. "Wezi wa siku hizi wanaomba?"

Jamaa akacheka. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo yake ingekata mkate, na viatu vimekuwa vyekundu kwa vumbi. Aliitwa Ogutu, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtengenezaji wa programu za simu. Alikuwa ameunda moja iitwayo Ndovu Wapi: mkulima akiona ndovu anagusa mara moja, simu za majirani wote zinalia.

"Si zile app za mikopo, zinazompigia mama yangu nikichelewa kulipa?"

"Hapana. Hii bado mbichi, ni ya majaribio. Duka la mtandaoni haliipokei mpaka watu kumi na wawili wakae nayo siku kumi na nne mfululizo. Niko na kumi na mmoja. Mmoja akiitoa, naanza kuhesabu upya."

Mama yake Mable alilima pojo Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Msimu uliopita ndovu walikula shamba zima, wakang'oa hata kigingi cha mbuzi wapate kuchokoa meno.

"Weka," Mable akasema.

Wakaiweka papo hapo, katikati ya kelele za wachuuzi. Pakua. Ruhusu mahali ulipo. Ruhusu sauti. Andika jina. Ikagoma. Wakazima simu, wakawasha. Ikafunguka na kuandika: Karibu, Festus.

"Festus ni nani?"

"Ni kasoro ya kwanza. Ukiona nyingine nipigie."

Jumapili, kanisani, simu ikalia baragumu la ndovu katikati ya maombi. Mhubiri alikimbia, na amina akaisemea huko mbali Kishushe.

"Ogutu, app yako imeona ndovu kanisani."

"Pole, malkia. Alikuwa mkubwa?"

"Ndovu wapi! Kulikuwa na sadaka tu."

Mable akapata kasoro saba, na kila moja ikawa na simu yake. Ya tatu ilizungumziwa dakika mbili, maongezi yakaenda saa nzima. Siku ya tisa walikuwa kibandani wakinywa chai kwa mahamri.

"Asante kwa kunipa simu yako ile siku," Ogutu alimwambia. "Bila wewe nimekwisha."

Siku ya kumi na mbili Mable akampelekea chapati za moto ofisini kwake. Mlangoni akamsikia akiongea kwa simu: "Quinter, nakuomba, usinitoe. Bila wewe nimekwisha. Vumilia siku mbili tu."

Chapati zikapoa mkononi. Maneno yale yale! Mable akageuka, na kabla hajavuka barabara ameshaifuta ile app. Ogutu alipopiga, hakushika.

Kesho yake mama mnene mwenye leso mbili akaingia dukani kwake.

"Wewe ndiye Mable? Mimi ni Quinter, nauza vitunguu Miasenyi."

Mable nusura ameze pini.

"Nina wajukuu watano, nyathina, mwanangu, usiniangalie hivyo. Simu yangu ilijaa video za harusi, nikataka kuitoa hiyo app. Ogutu akanililia kama ndama. Sasa soma alichotuandikia sisi wote."

Mable akasoma: *Mmoja wetu ametoka, tunaanza siku ya kwanza. Msimlaumu. Yeye ndiye aliyeona kasoro saba ambazo mimi sikuziona. Namshukuru popote alipo.*

"Jina hakuandika," Quinter akasema. "Lakini kila nikiongea naye anamsifu fundi wa kitenge cha manjano. Na Voi si kubwa hivyo."

Mable akampigia Ogutu.

"Nilisikia nusu, nusu nyingine nikajishonea. Nisamehe. Nimekupotezea siku kumi na mbili."

"Zilinipa wewe. Siwezi kusema zimepotea."

"Basi nakuja uniwekee tena."

Wakahesabu upya. Siku ya kumi na nne ilitimia, duka la mtandaoni likaipokea. Wiki iliyofuata ndovu kumi na saba wakashuka jua likiwa bado liko juu. Simu zikalia, Rukanga nzima ikatoka ikigonga masufuria, na inasemekana ndovu wa mwisho aliomba radhi. Pojo zikavunwa zote.

Ogutu akafunga safari kwenda Rukanga, hotuba ya posa mfukoni. Mama yake Mable alimshukuru kwa ajili ya shamba, kisha akamkatiza kabla hajaikunjua karatasi.

"Mgeni hukaa kitini, mwanangu. Kama umekuja kwa zaidi ya hapo, shika ungo."

Ogutu akaacha kiti, akashika ungo. Alipepeta vibaya, makapi yote yakamrudia shatini. Mable akasogea, akaanza kuyatoa moja moja.

"Na wewe unasemaje?" Ogutu akamnong'oneza.

"Inama," Mable akasema. "Kuna lingine shingoni, na mama anatutazama."