Usiku wa Saa Tisa Alasiri

Dada wa Kaunta alikutwa amelala kifudifudi nyuma ya kaunta yake, damu inamchuruzika nyuma ya sikio, vipande vya jagi la kioo vimemzunguka, na muziki wa taratibu unaendelea kulia kama vile hakuna lililotokea. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nje jua lilikuwa kali, la kumfanya mbwa atafute uvungu wa gari. Ndani ya chumba kile cha utafiti, pale chuoni, ulikuwa usiku.

Usiku wenyewe wa kutengenezwa. Taa za rangi ya asali, viti virefu, kochi jekundu, dirisha hakuna, saa ya ukutani hakuna. Kuta zimevikwa sponji nene nyuma ya kitambaa, na mlango ni mzito kama wa ghala la nyama. Anayeingia humo husahau kama chai aliyokunywa ni ya leo au ya jana. Inspekta alipovuka kizingiti alisimama kidogo, akajiona kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto kisha akaambiwa, haya, endelea nayo.

Pale kituoni vijana walimwita Mama Polepole, na yeye alijua, na hakuwa na haraka ya kuwakataza. Alikuwa mwanamke wa karibu kustaafu, magoti yamechoka kabla ya akili. Aliwapisha watu wa gari la wagonjwa wamchukue yule dada, ambaye bado alikuwa anapumua, ndipo akageukia kochi.

Pale kochini alikaa mwanamume mwenye mabega mapana, fundi wa kuezeka paa, hedifoni zimemning'inia shingoni. Kishikio cha jagi amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Ni mimi, mama," alisema kabla ya kuulizwa. Ulimi ulikuwa mzito. "Nifunge tu pingu. Nilikuwa nimelewa."

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Kwamba umelewa."

Fundi alimtazama kana kwamba ameulizwa kama mvua inalowesha. "Nimekunywa glasi tatu, mama. Kichwa kinazunguka. Nikasinzia. Nimeamka nina hiki mkononi, na dada wa watu yuko chini. Sasa hapo unataka malaika ashuke ashuhudie?"

Koplo, msaidizi wa Inspekta, alikohoa. "Afande, kesi hii imejipika yenyewe. Ni kupakua tu."

"Chakula kilichojipika mimi sikili," alisema Inspekta. "Mpeleke Fundi chumba cha pili, na mganga amtoe damu ipelekwe kupimwa. Majibu yatakuja kesho. Mimi siwezi kungoja kesho."

Mwenye utafiti waliyemwita Daktari hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa msomi wa tabia za watu, shati jeupe, sauti laini, na peremende mdomoni aliyokuwa akiimumunya bila kupumzika. Walikaa ofisini kwake, mwisho wa korido.

"Tunataka kujua pombe humfanya nini mwanamume mbele ya mwanamke," alieleza. "Anakunywa, anavaa hedifoni, anasikiliza mazungumzo ya wawili waliotoka sherehe pamoja. Mwanzoni mwanamke anacheka. Kisha anasitasita. Kisha anasema hapana. Kisha anasema hapana ya kulia. Msikilizaji ana kitufe, anabonyeza pale anapoona yule mwanamume imempasa kuacha."

"Na mlevi huchelewa kubonyeza."

"Wengi huchelewa. Lakini kuna la ajabu zaidi, afande. Wengine tunawapa maji matupu, wanaamini ni pombe. Mdomo wa chupa na wa glasi umepakwa pombe kidogo, pua inadanganyika. Hao nao hulegea, hupepesuka, huropoka. Baadhi yao huchelewa vile vile. Imani peke yake inalewesha."

"Na Fundi leo kapewa ipi?"

"Sijui, na ndiyo kanuni yetu. Anayekunywa hajui, nami sijui. Chupa ziko mbili, zinafanana kama mapacha. Dada wa Kaunta hurusha sarafu jikoni kwake, anatoka na moja, nyingine anaifungia kabatini. Ni yeye tu anayejua." Alihamisha peremende shavu la pili. "Lakini mtazame mwenyewe yule mtu. Kalewa chakari."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Mtu akishaanza kusikiliza, mimi siingii mle. Nilisikia kishindo cha jagi likivunjika, nikakimbia, nikawakuta hivyo."

Mlinzi wa mlango wa nje naye aliapa kwamba tangu Fundi aingie, hakupita hata nzi. "Mimi hata msalani sijaenda, mama mkubwa," alisema, huku amebana miguu. "Na hilo jambo linanidai sasa hivi."

Inspekta alimruhusu akimbie. Kwa hiyo ndani walikuwa watatu: aliyepigwa, aliyekiri, na aliyesikia.

Walirudi kwenye chumba cha usiku. Chupa ilikuwa juu ya kaunta, kando ya glasi ya Fundi. Koplo aliinusa, akachovya kidole, akalamba, akakunja uso mzima.

"Hii si ya kitoto, afande! Inachoma mpaka kooni."

"Koplo, umelamba ushahidi."

"Nimelamba kwa ajili ya serikali."

"Basi serikali ina ulimi wa kuaminishwa." Inspekta alimimina kidogo katika kikombe, chupa akaifunga na kuipiga lakiri iende kwa mkemia. Kile kikombe alikipeleka jikoni kwa Dada wa Kaunta, nyuma ya pazia, ambako kulikuwa na friji ya kugandishia vipande vya barafu. Akakiweka humo ndani, akafunga mlango wa friji taratibu kama anayefunika mtoto aliyelala.

"Unafanya nini, afande?"

"Naweka swali mahali pake. Pombe kali ya namna hii, friji ya nyumbani haiigandishi hata ukeshe nayo. Na barafu haina cha kuamini wala kutoamini."

Fundi alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho yamefumba nusu. Inspekta alimkalia karibu.

"Ulifuata nini hapa? Posho?"

"Posho haitoshi hata misumari." Alijaribu kucheka, kicheko kikamfia. "Mama, mimi baba yangu alikuwa akinywa, mama yangu anahamia kwa jirani. Mimi nikaapa sitakuwa hivyo. Basi siku moja nikanywa, nikarudi nyumbani, tukabishana jambo la kipuuzi, nikapiga ngumi mlango. Hapa." Alionyesha kando ya kichwa chake. "Kichwa cha mke wangu kilikuwa hapa. Nikasema ni pombe. Tangu siku ile sijaigusa. Lakini nilikuwa silali. Nikawaza, niende nikapimwe na wenye elimu, niwe nimekunywa, nijue mimi ni nani. Si mbele yake yeye. Mbele ya mashine." Akatazama mikono yake. "Sasa nimeshajua. Mke wangu yuko getini, anangoja. Mwambieni aende zake. Asije akasubiri mtu wa aina hii."

"Ulimpiga kwa sababu gani huyu dada?"

"Sikumbuki."

"Mlikosana?"

"Hata. Nilipomaliza kusikiliza, alinipa mto. Akaniambia, pumzika kaka yangu, muziki ukiisha nitakuamsha. Nikalala nikaota niko juu ya paa, mabati laini kama kitanda, na mvua inanyesha kwenda juu. Ndoto nzuri. Ndiyo inayoniuma."

Hospitalini, dada mkubwa wa yule aliyepigwa, mshonaji, alikuwa koridoni, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Mdogo wake alikuwa hajafungua macho.

"Alikuwa na adui?" aliuliza Inspekta.

"Mdogo wangu? Anagombana na mende tu." Kisha alishusha sauti. "Ila bosi wake. Yule msomi. Kuna siku akishajimiminia pale kaunta, mikono yake inakosa adabu. Kesho yake anakuja na maua, samahani, ilikuwa pombe, unajua wewe pombe inavyofanya. Mara ya kwanza mdogo wangu akasamehe. Mara ya pili akaniambia, dada, huyu mtu pombe kaifanya kuwa mwanasheria wake. Juzi akasema akirudia tena, atampeleka mbele ya baraza la chuo."

"Kwa nini hakuacha kazi?"

"Aache yeye? Kwani yeye ndiye aliyekosa?"

Inspekta alimshika mkono mshonaji, akarudi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipoingia tena ofisini kwa Daktari. Alivuta kiti, akaanza kumuuliza mambo ya kawaida: utafiti huu umeanza lini, nani mwingine ana ufunguo, vitabu vyote hivi umevisoma kweli au ni pambo. Daktari alijibu, akatulia, hata akatania. Ghafla mlango ulifunguliwa, Koplo akasimama hapo na uso wa furaha.

"Nimemaliza, afande. Jagi moja, glasi mbili. Ya pili nilivunja kwa raha zangu."

Inspekta alimgeukia Daktari. "Umesikia chochote?"

Daktari aliutazama mlango.

"Koplo kavunja jagi kwenye chumba cha usiku, pale pale nyuma ya kaunta, mlango umefungwa. Mimi na wewe hapa tunazungumza, na mimi masikio yangu ni mazima. Sikusikia hata kikohozi. Kuta zile umezivika sponji mwenyewe, ili sauti isiingie wala isitoke. Kishindo ulikisikia kwa sikio gani?"

"Labda mlango ulikuwa wazi."

"Ungekuwa wazi, muziki ungejaa korido nzima na mlinzi angesikia kabla yako. Aliyesikia jagi likivunjika alikuwa chumbani." Inspekta aliinama mbele. "Njia ya mwongo ni fupi, Daktari, na hii yako ni korido tu. Na jingine. Tangu nifike unamumunya peremende, ikiisha hii unaweka nyingine. Unaficha harufu gani?"

Uso wa yule msomi ulilegea, ukawa kama nguo iliyoanguka kutoka kambani.

"Sikuwa mimi," alisema.

"Alikuwa nani?"

"Fundi alikuwa amesinzia. Niliingia. Nilitaka tu kuzungumza na yule dada, basi. Nikajimiminia glasi yangu, nikaongeza, nikaongeza tena. Nikaona joto linapanda, ulimi umefunguka. Nikamshika mkono. Akautoa. Nikamshika tena. Akasema kesho asubuhi anakwenda kwenye baraza." Alianza kulia, na kilio kilikuwa cha kweli. "Afande, mimi hili jambo nimelisoma miaka na miaka. Najua pombe inavyozima breki za mtu. Haoni kesho, haoni mwenzake, anaona kilicho mbele ya pua. Mkono uliinuka wenyewe. Nimekuwa kama hao ninaowapima. Nihurumie. Nilikuwa nimelewa."

"Ukiwa umelewa, ulikumbuka kuiosha glasi yako, ukairudisha rafuni?"

Daktari alijifuta machozi.

"Ukakumbuka kuchukua kishikio, ukamwekea mkononi mwenzako aliyelala?"

"Nilijua atakiri," alinong'ona. "Mwanamume akiamini amelewa, anaamini lolote juu yake."

"Koplo, niletee kikombe changu."

Koplo alikwenda, akarudi amekishika kwa leso. Inspekta alikipokea, akakipindua juu ya meza, juu ya makaratasi ya Daktari. Hakikumwagika kitu. Akagonga kitako chake, na pande la barafu likadondoka, jeupe, gumu, likateleza mpaka kwenye kiganja cha yule msomi.

"Chupa iliyokuwa kaunta leo ni ile ya maji," alisema. "Ndiyo aliyokunywa Fundi. Na ndiyo uliyojimiminia wewe. Chupa ya pombe ilikuwa imefungiwa kabatini, na ufunguo anao yule dada, hospitalini."

Daktari aliitazama barafu ikiyeyuka kati ya vidole vyake. Ilikuwa kama anatafuta mlango katika chumba ambacho mwenyewe ndiye aliyekijenga bila dirisha.

"Haiwezekani," alisema mwishowe. "Nilihisi."

"Najua ulihisi. Simama."

Koplo alipokuwa anafunga pingu, Inspekta alikumbuka jambo. "Fundi alibonyeza wapi kile kitufe?"

Na msomi, kwa mazoea ya kazi, akajibu kama yuko darasani. "Pale mwanamke aliposita. Kabla hajasema hapana. Katika wote niliowapima, hakuna aliyebonyeza mapema hivyo."

Fundi alisikiliza habari zote amesimama, mkono ukutani. Kwanza hakuelewa. Inspekta alirudia: maji. Yote yalikuwa maji. Hukumpiga mtu. Na simu ilikuwa imetoka hospitali, yule dada kafungua macho, swali lake la kwanza ni nani aliyebaki na kaunta.

Fundi aliuondoa mkono ukutani. Akapiga hatua moja, ya pili, na kupepesuka kote kukamtoka kama kanzu ya kuazima. Alicheka, akajifuta uso kwa mikono yote miwili. Inspekta akampa na ile habari ya kitufe, kwa kuwa ndiyo aliyoifuata.

Kicheko kiliishia hapo.

"Basi ile siku ya mlango, nyumbani," alisema. "Nilikuwa nimekunywa kidogo tu. Nilitoka kazini nimekasirika. Hasira nilikuwa nayo kabla ya chupa."

"Hilo mimi sikulichunguza, baba," alisema Inspekta. "Si kesi yangu."

Alimfungulia mlango wa nje. Mkewe alikuwa getini, amekumbatia mkoba kifuani, kiatu kimoja amekivua kwa kusimama sana.

"Wamekuachia?"

"Wameniachia. Si mimi niliyempiga. Sikuwa hata nimelewa." Fundi alisimama mbali kidogo naye, hakumsogelea. "Mke wangu, ile siku nilipopiga mlango. Nilikuambia ni pombe."

"Uliniambia."

"Haikuwa pombe. Nilikuwa mimi."

Mwanamke alikivaa kiatu chake polepole, akakaza kamba, ndipo akainua uso.

"Mimi nilijua tangu siku ile," alisema. "Nilikuwa nangoja ujue wewe. Twende, utanieleza njiani, na ueleze vizuri."