Hapana ya Mgeni

Anping alizijaza chupa za chai maji ya moto, akazipandisha juu na kuweka moja mlangoni pa kila chumba. Kisha akapanga ndara za wageni, akafagia ngazi na kumwaga maji machafu uani. Ilikuwa likizo ya kiangazi, na katika mji wetu wa Songpan, huku milimani China, likizo ya kiangazi si ya kulala. Watu hupanda kutoka mabondeni kuja kuiona milima, nyumba za wageni hujaa, na kila mtoto mwenye miguu hupewa kazi.

Wazazi wa Anping walifanya kazi kiwandani katika jiji la Chengdu. Yeye aliishi na Bibi Tang, mama wa baba yake, mwenye nyumba ile ya wageni, pamoja na baba yake mdogo Delu, aliyekuwa dereva wa gari la wageni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na mdomo usiochoka. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwaelekeza wageni, na hakungoja kuulizwa.

"Usioge usiku wa kwanza," alimwambia kila aliyefika. "Huku ni juu sana, mwili haujazoea. Panda ngazi polepole. Kunywa maji ya moto, achana na ya baridi. Ukitoka, beba karatasi yako ya chooni, maana huko njiani hakuna wa kukupa. Na pasipoti usiiache chumbani."

"Na kupumua je, tunaruhusiwa?" Mzee Fang alimtania. Huyu alikuwa mstaafu kutoka Shanghai, mcheshi, ambaye alikuwa amekaa pale muda mrefu hata akawa kama mwenyeji.

"Ruhusa," alijibu Anping. "Lakini polepole."

Kuhusu chakula, mwalimu wake alikuwa Bibi. "Mgeni akisema ameshiba, hajashiba," Bibi alimfundisha tangu akiwa mdogo. "Akikataa mara ya kwanza, hiyo ni adabu. Akikataa tena, bado ni adabu. Ukimsikiliza utamlaza na njaa, na kesho atatangaza kwamba nyumba ya Tang ni ya wachoyo."

Na Bibi hakukosea. Siku aliyofika, Mzee Fang alifunika bakuli lake kwa viganja viwili akilia kwamba amejaa hadi shingoni, na kwamba pilipili haigusi kabisa, tumbo lake halitaki. Bibi akaupenyeza mkono wake, akamwekea. Mzee akala, akaomba wali, akala tena. Tangu hapo Anping akaamini kwamba neno "hapana" mezani ni salamu tu.

Jioni moja akaja mgeni wa kigeni, msichana mrefu aitwaye Marta. Alitoka Polandi, akisoma chuo kikuu Chengdu, na lugha yetu aliisema taratibu na kwa usahihi, kama mtu anayepanga mayai. Asubuhi yake alimkuta Anping uani akiosha mboga, akachuchumaa karibu naye.

"Mdogo wangu, naomba umwambie bibi yako jambo moja. Mimi siwezi kula karanga. Hata kidogo. Tafadhali usisahau."

"Sawa, dada."

Anping aliingia jikoni. Bibi alikuwa ameinamia kinu akitwanga karanga alizozikaanga, ili azichanganye na mafuta mekundu ya pilipili. Mezani alilala jogoo aliyechemshwa, amepoa, tayari kukatwa na kumwagiwa mchuzi ule.

"Umekuja wakati mzuri," alisema Bibi, jasho likimtoka. "Jogoo huyu nilimtunza mwenyewe. Kamwambie yule dada leo atakula kitu ambacho hata kwa mama yake hajakila."

Anping alikitazama kinu. Bibi alikuwa na furaha kubwa. Ukimwambia sasa, atafanya nini na jogoo mzima? Na huyu dada si mgeni kama wageni wengine? Mzee Fang naye hakusema pilipili haigusi? Anping akachukua bakuli za wali, akatoka. Jambo lile hakulisema.

Mchana waliketi kwenye meza ya duara. Baba mdogo Delu na Mzee Fang walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa juu ya barabara mpya. Bibi akaliteua paja, pande nono kuliko yote, akaliinua kwa vijiti vya kupakulia na kuliweka katika bakuli la Marta.

"Kula, mwanangu. Umekonda, utapeperushwa na upepo wa milima!" Kisha akakimbilia jikoni kuepua supu.

Marta aliutazama ule mchuzi mwekundu. Akamwinamia Anping, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Hii haina karanga?"

Karanga zilikuwa zimetwangwa zikawa unga, hakuna jicho ambalo lingeziona. Akageukia mlango wa jikoni. Bibi alikuwa akichungulia, sufuria mkononi, uso umechanua.

"Anakula? Ameshaonja?" aliuliza kutoka kule.

Anping akiwaza aseme nini, akauona akilini uso ule wa Bibi ukisinyaa mbele ya wageni, jogoo akirudishwa jikoni bila kuguswa. Aibu iliyoje!

"Haina," alijibu. "Hata chembe."

Marta alitabasamu, akala pande lile, akachukua na la pili.

Kikohozi kilianza kabla Bibi hajaitua supu mezani. Mzee Fang akacheka. "Pilipili ya Songpan hiyo! Karibu nyumbani!" Lakini Marta hakucheka. Alikuwa ameshika shingo yake. Mabaka mekundu yalipanda kutoka kifuani hadi masikioni, midomo ikaanza kuvimba, na pumzi ikawa inapita kwa mluzi.

"Mwinuko!" Baba mdogo Delu aliruka kutoka kitini. "Mwinuko umemkamata, hewa ya huku juu ni nyepesi kwake! Anping, lete oksijeni!"

Anping alileta kichupa cha oksijeni kutoka kabatini. Mzee Fang akakibana puani mwa Marta. Bibi akaleta maji ya moto, akampepea, akamsugua mgongo. Kila mmoja alijua la kufanya, kwa sababu katika mji wetu kila kiangazi kuna mgeni anayezidiwa na mwinuko, na dawa zake tunazijua kama tunavyojua njia ya sokoni. Lakini mluzi katika koo la Marta ulizidi kuwa mwembamba.

Marta alijaribu kusimama. Alinyoosha mkono kuelekea ngazini, akijikokota. Baba mdogo akamshika mabega.

"Ngazi hapana, dada! Ukipanda utazimia!"

Marta alitikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha juu, akafungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Kachanganyikiwa," alisema Baba mdogo. "Mama, hapa dawa ni moja tu, kumteremsha. Nawasha gari. Nampeleka bondeni, Maoxian. Huko hewa nzito itamrudishia pumzi."

Njia ya Maoxian ni saa nyingi za kona, bonde upande huu, mwamba upande ule. Anping aliijua. Akasimama ukutani. Yeye peke yake katika chumba kile ndiye aliyejua. Akisema, Bibi atajua kwamba chakula chake ndicho kilichomdhuru mgeni. Atajua pia kwamba mjukuu wake alijua tangu asubuhi. Labda kweli ni mwinuko, alijiambia. Labda atapona njiani.

Nje, gari liliunguruma. Mzee Fang na Bibi wakamwinua Marta, mmoja kila upande, wakaanza kumpeleka mlangoni. Alipopita mbele ya Anping alimtazama. Macho yake yalikuwa yamevimba, karibu kufumba, lakini hayakuwa na hasira. Yalikuwa yakimwomba.

"Si mwinuko!" Anping alipiga ukelele. "Msimpeleke bondeni! Ni karanga!"

Wote wakasimama.

"Aliniambia asubuhi hawezi kula karanga, sikukwambia, Bibi. Mezani akaniuliza tena, nikamdanganya. Nilisema hakuna. Ni karanga, Bibi, ni karanga!"

Uso wa Bibi ulibadilika rangi. Anping alingoja kofi. Halikuja.

"Anaonyesha nini huko juu?" Bibi aliuliza. "Sema haraka!"

Anping alimtazama Marta, na mara akaelewa. "Mkoba wake!"

Alizipanda mbiombio ngazi zile zile ambazo kila siku aliwakataza watu kuzipanda kwa haraka. Akauchukua mkoba chumbani, akashuka nusura aanguke, akaumwaga wote sakafuni. Marta akapiga magoti, akapapasa katikati ya soksi na vitabu, akaibuka na kidude kinene kama kalamu. Akajichoma nacho pajani juu ya suruali, akakishikilia pale. Ilikuwa sindano ya dawa yake.

"Delu!" Bibi aliita. "Acha habari za bondeni! Kwa Daktari Luo, ng'ambo ya daraja, upesi!"

Katika zahanati, Bibi na Anping waliketi kwenye benchi. Baba mdogo alizunguka uani akivuta sigara zilizokuwa zikimzimikia mkononi. Nyuma ya pazia zilisikika sauti za vyombo na za Daktari Luo akitoa amri. Anping alisikiliza kama kuna mtu anakohoa. Kikohozi hakikusikika, na hilo lilimtisha kuliko kikohozi chenyewe.

Hatimaye pazia likafunguka. Daktari Luo, mwanamke mfupi mkali, akatoka akijifuta mikono.

"Nani aliyesema ni karanga?"

Anping alisimama.

"Anapumua," alisema daktari. "Ile sindano yake imemwahi, na nyinyi mmemleta mapema. Nitakaa naye hadi kesho, maana hali kama hii huweza kurudi. Sikilizeni, wote. Kuna watu ambao miili yao huipokea karanga kama sumu. Huo unaitwa mzio. Si kuchagua chakula, si madaha. Punje moja humfunga mtu koo. Mngeshika barabara ya Maoxian, mngefika na maiti."

Baba mdogo Delu, aliyekuwa ameingia na kusimama mlangoni, aliketi chini pale pale.

Anping alilia, na hakujaribu kujificha. Bibi alimwacha alie, kisha akamuuliza, "Kwa nini?"

"Niliogopa utaaibika mbele ya wageni."

"Nitaaibika!" Bibi alishusha pumzi. "Aibu ya kuku kurudi jikoni ingeisha kabla ya chai. Sasa sikia, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba hapana ya mgeni si hapana. Sikukufundisha kutofautisha. Anayekataa kwa adabu hucheka huku jicho li bakulini. Anayekataa kwa ajili ya uhai wake hukutazama wewe, tena hukuomba usisahau. Kutokukufundisha hilo, kosa langu. Lakini mtu alipokuuliza ukamjibu uongo, hilo ni lako, na siwezi kukubebea."

"Najua, Bibi."

"Ingia ukamwambie mwenyewe."

Marta alikuwa amelala, mrija mkononi, midomo bado minene. Anping alisimama miguuni pa kitanda, akasema yote kuanzia kinuni hadi mezani, bila kujipunguzia.

"Niliogopa sana," Marta alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilidhani nitakufa huku watu wakinipepea." Kisha akaongeza, "Ulichelewa. Lakini ulisema. Na kuku alikuwa mtamu, hilo ndilo linaloniudhi."

Marta aliporudi kesho yake jioni, kinu kilikuwa kimeondolewa jikoni. Bibi na Anping walikuwa wamesugua sufuria, vijiti na mbao za kukatia mpaka vidole vikachubuka. Mezani palikuwa na mayai yaliyokaangwa na nyanya, mboga na samaki wa mvuke, na Anping alimtajia Marta kila kilichoingia katika kila sahani, hata chumvi.

Walikula wakinong'ona kama walio msibani. Baadaye Bibi akaliinua pande la samaki, akalipeleka upande wa Marta.

"Asante, Bibi. Nimeshiba."

Vijiti vikasimama hewani. Mzee Fang aliacha kutafuna. Sisi tunaomjua Bibi Tang tunajua kwamba hajawahi kurudisha kipande nyuma maishani mwake.

"Umeshiba?" aliuliza.

"Nimeshiba kweli."

Bibi alimtazama machoni. Kisha, polepole kama mtu anayegeuza gari katika kichochoro, akalirudisha pande lile bakulini mwake mwenyewe.

"Mimi nami nimeshiba, Bi Tang!" Mzee Fang akadakia.

"Wewe mwongo, nakujua," alisema Bibi, akamrundikia. Wote wakacheka, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake Anping naye akacheka.

Walipokuwa wakiosha vyombo, Bibi alimwambia, "Kumlisha mgeni ni jambo jema, lakini kumsikiliza ndiko kunakotangulia. Na ukweli, mwanangu, usiungoje hadi mtu anapokosa pumzi."

Siku iliyofuata mama mmoja na mtoto wake walishuka kwenye basi la Chengdu. Anping aliwapokea mizigo, akavuta pumzi kuanza maelezo yake ya ngazi, maji ya moto na karatasi ya chooni, akajizuia.

"Kwanza," alisema, "kuna chakula chochote msichoweza kula?"

Akangoja jibu. Mama akasema mwanawe hawezi kula mayai. Anping akaacha mizigo pale pale mlangoni, akaenda moja kwa moja jikoni kumwambia Bibi.