Mistari Mgongoni mwa Mayala

Mayala alikutwa amekufa kitandani kwa mke mkubwa, pale Kharumwa. Mgongo wake ulijaa mistari myekundu iliyozungukana kama ya mbao iliyopasuliwa.

"Zebaki hiyo!" alifoka mdogo wake, Athanas. "Limi anachomea dhahabu jikoni kwake. Amemlisha kaka!"

Limi, mke mdogo, alikuwa amejifungia nyumbani kwake. Nje, ndugu wa marehemu walishika viberiti. Inspekta Donatus akasimama mlangoni kwake.

"Atakayewasha njiti analala rumande."

Mke mkubwa, Mama Bujiku, hakulia. "Mchukueni, afande. Alianza kumroga, akamalizia na sumu. Tangu aje, mwaka wa nane huu, zamu zangu nazihesabu kwa vidole."

Donatus akamchukua Limi hadi kituoni, zaidi kwa kumwokoa.

Siku ya nne Daktari Safiya akamaliza uchunguzi wa maiti.

"Zebaki?" Donatus aliuliza.

"Ipo kidogo, kama ya mchimbaji yeyote. Haiui."

"Kilichomuua?"

"Saratani ya mapafu. Ile mistari ilikuwa inaisemea. Upele wa nadra sana huo, unasogea ngozini kila siku huku uvimbe umejificha ndani. Tabibu makini angeshtuka."

Donatus akaenda kituo cha afya. Tabibu alikuwa ameshtuka kweli. Daftari la Mei lilisema: *upele usio wa kawaida, kikohozi, aende hospitali ya rufaa Mwanza haraka. Barua amekabidhiwa mke.* Pembeni, alama ya dole gumba.

Limi alimaliza kidato cha nne. Maelezo yake ya polisi aliyaandika mwenyewe, akatia saini.

Mama Bujiku alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Barua ya Mwanza iko wapi?"

"Barua gani?"

"Uliyoiwekea dole."

Ungo ukatulia.

"Niliichoma."

"Tabibu alikwambia nini?"

"Asikae hata wiki."

"Na wewe?"

"Mwanza angeenda na nani? Si na msomi wake!" Macho yalimwaka. "Yule binti aliuona upele akamwambia asimguse. Ndipo akanikumbuka. Miaka minane, afande, hajawahi kulala kwangu siku mbili mfululizo. Sasa miezi minne! Nampaka mafuta mgongo mzima, ananiita mayu, mama, kama alivyoniita ujanani. Nikasema, huyu akipona ataondoka."

"Limi ungemwacha aunguzwe bure?"

"Angeungua."

Donatus akapiga simu kituoni. Limi aachiwe, asindikizwe kwa wazazi wake kule Didia. Kisha akatoa pingu.

"Ulijua anakufa, mama?"

Mama Bujiku akanyoosha mikono bila kuombwa. Uso wake haukuwa na aibu hata chembe.

"Alifia kwangu," alisema. "Hilo Limi haninyang'anyi."