Moshi Unashuka Kwetu

Gunnvor Haugli alifika kwenye kizuizi cha barabara akiwa amechelewa kwa dakika tano. Barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa kwa dhoruba, na taa nyekundu ilimetameta katikati ya theluji iliyopeperuka. Ilikuwa saa nane mchana, Januari, na kama kawaida ya huko kaskazini mwa Norwe, giza lilikuwa limeanza kuingia.

"Tumefungiwa," alisema.

"Mpaka lini?" aliuliza bintiye, Ylva, kutoka nyuma, mtoto kifuani.

"Mpaka greda la theluji lije lituongoze. Saa kumi na moja. Labda kumi na mbili."

Walikuwa wanampeleka Eira, mtoto wa miezi mitatu, akabatizwe kwa ndugu wa baba yake, ng'ambo ya mlima. Walisafiri kwa gari-nyumba, lenye vitanda na jiko ndani, ambalo Gunnvor alilinunua alipostaafu ufundi wa injini za meli za uvuvi, na hakuna msumari wake asioujua. Akarudi nyuma kidogo hadi kwenye kijiuwanja kando ya barabara. Kila mahali theluji ilifika kiunoni, lakini pale ilikuwa nyembamba kama shuka. Akaona ni bahati. Akaegesha, akazima injini, akabonyeza swichi ya hita ya dizeli, ya kupasha joto chumba cha nyuma.

Feni ikavuma. Pampu chini ya sakafu ikaanza kugonga. Tik... tik... tik... Gunnvor akasubiri ule mngurumo wa moto kushika.

Haukuja.

Hita ikajaribu tena yenyewe. Tik... tik... tik... Harufu ya dizeli mbichi, kisha kimya. Ilipojaribu mara ya tatu ikawasha kitaa chekundu, ikajifunga.

"Mama, nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri."

"Najua kusoma kipimajoto, mwanangu."

"Basi isomee hiyo hita. Labda itaona haya."

Gunnvor akacheka. Hakuwa mtu wa kubabaika. Akapima betri, nzima. Dizeli ilizidi nusu tangi, tena ile ya majira ya baridi, isiyoganda. Plagi ya kuwashia alikuwa ameibadilisha kwa mkono wake miezi mitatu iliyopita. Akachomoa fyuzi ya hita, akairudisha ili ijifungue, akajaribu upya. Pampu iligonga vizuri tu. Moto haukushika.

"Washa injini basi," Ylva alisema.

"Itatupa joto la viti vya mbele tu, na itakunywa dizeli ya kuvukia mlima. Mfunike mtoto. Nadhani ekzosi ya hita, bomba lake la moshi, imeziba. Moto ukikosa pa kutolea moshi hauwaki."

Akavaa buti, akatoka na tochi.

Bomba lile lilikuwa chini ya gari, mdomo wake umeelekea ardhini. Gunnvor akalala ubavu kwenye theluji, akaingiza kidole. Alitegemea barafu.

Alishika sufu.

Sufu ya kondoo, ya kijivu, imesokotwa na kusukumwa ndani kwa nguvu. Na ilikuwa na joto... kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu sasa hivi.

"Jirani."

Gunnvor akageuka. Mwanamke alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Alivaa sweta na sketi ya zamani, kichwa wazi, bila koti. Pumzi ya Gunnvor ilitoka kama moshi. Ya yule mwanamke haikuonekana.

"Usiuwashe moto huo, jirani," alinong'ona. "Moshi wenu unashuka kwetu. Kitanda cha mwanangu kiko hapa."

"Hapa wapi?"

Mwanamke akaelekeza kidole ardhini.

Bibi yake Gunnvor aliwahi kumsimulia habari za watu wa chini, wanaoishi ardhini, na jinsi familia moja ilivyolazimika kuhamisha zizi zima kwa sababu mkojo wa ng'ombe ulidondokea mezani kwa jirani zao wasioonekana. Gunnvor alikuwa mtoto, alicheka mpaka akapaliwa. Sasa alijiambia kwamba huyu ni mgonjwa, ametoka kwenye gari lililokwama.

"Ingia ndani upate joto, mama."

"Sogea tu. Hatua ishirini. Nakuomba."

"Hata mimi nina mtoto humu ndani. Nikikwama kwenye theluji nene bila hita, ataganda. Ngoja apate joto kwanza, halafu nitasogea."

Mwanamke hakubisha. Alimtazama kwa muda mrefu, bila kupepesa macho.

"Wako kwanza," alisema taratibu. "Haya."

Upepo ukapiga. Gunnvor akafumba macho. Alipofumbua, hapakuwa na mtu. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Angeweza kusogea wakati ule ule. Hilo alilijua siku zote baadaye. Lakini mikono ilikuwa inakufa ganzi na alitaka yaishe. Akaivuta sufu yote, akaitupa, akaingia ndani akabonyeza swichi.

Tik... tik... tik... Vuuum.

"Fundi wangu!" Ylva alishangilia. Hewa ya moto ikajaa. Akammegea mama yake jibini ya kahawia juu ya mkate. "Ulikuwa unaongea na nani huko nje?"

"Na upepo."

Zikapita dakika kumi.

Kisha wakasikia kikohozi.

Kidogo, kikavu. Ylva akaacha kutafuna, akamtazama Eira. Eira alikuwa amelala, amefumba mdomo.

Kikohozi tena. Kilitoka chini ya sakafu.

"Mama... ni nini hicho?"

Ngo. Ngo. Ngo. Mtu alikuwa anagonga kutoka chini, bila haraka.

Eira akafumbua macho, akakohoa. Kikohozi kile kile. Chini wakikohoa, naye akakohoa. Chini wakinyamaza, naye akabaki mdomo wazi, akitafuta pumzi. Kengele ya hewa ya sumu ukutani ilikuwa kimya, kitaa chake cha kijani kimetulia. Ndani hamkuwa na moshi hata chembe. Lakini midomo ya mtoto ilikuwa inageuka bluu.

"Zima!" Ylva alipiga kelele. "Mama, zima!"

Gunnvor akazima. Lakini hita ya dizeli haizimiki papo hapo. Moto ukishakatwa, feni huendelea dakika tatu nzima, ikisukuma nje moshi uliobaki. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alisimama akisikiliza feni ikivuma, na chini yake kile kikohozi kikizidi kuwa chembamba...

Akarukia usukani. Injini ikaitika. Magurudumu yakasaga, yakateleza, yakashika. Hatua tano. Kumi. Ishirini. Gari likazama kwenye theluji nene, likasimama.

Nyuma yake Eira akavuta pumzi ndefu, akalia. Kilio kikubwa, cha hasira, kilio cha mtoto mwenye afya. Ylva naye akaangua kilio.

Gunnvor hakugeuka. Alikuwa anatazama kioo cha pembeni.

Kwenye mwanga mwekundu wa taa za nyuma, mwanamke yule alikuwa amepiga magoti pale gari lilipokuwa. Akainuka. Mikononi alibeba furushi la sufu ya kijivu. Hakulibembeleza. Hakulipigapiga mgongo, kama mama afanyavyo mtoto anapopaliwa. Alilishika tu, akiangalia gari. Halafu akafunika kwa upole ile sehemu ya juu ya furushi, pale uso unapokaa.

Gunnvor alipobonyeza tena swichi, hita ikawaka kwa jaribio la kwanza.

Greda lilifika saa kumi na moja na nusu. Dereva wake, mzee mmoja aitwaye Torleiv, aliwavuta kwa mnyororo akawarudisha barabarani.

"Mlianza kuegesha pale palipo wazi?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Theluji haishiki pale. Sisi husema kuna chemchemi ya maji ya moto chini."

"Na wasiosema hivyo?"

Torleiv akakunja mnyororo wake bila kumtazama. "Hao hawaegeshi."

Walipanda mlima polepole nyuma ya taa za njano za greda. Eira alinyonya, akalala, mashavu yamerudiwa na rangi yake. Ylva akaja mbele, akakaa kando ya mama yake.

"Mama," alinong'ona. "Kulikuwa na mtoto kule chini. Nilimsikia."

"Nami nilimsikia."

"Lakini tulisogea. Tulimuwahi, sivyo?"

Gunnvor alikaza mikono kwenye usukani.

"Tulimuwahi, mwanangu," alisema.

Ylva akamlalia begani. Gunnvor akaendesha, na hakuthubutu kutazama kioo cha pembeni mpaka waliposhuka upande wa pili wa mlima.